Kitanda cha Chini au cha Juu: Kuchagua Gari Moshi la Kulala Nje ya Nchi kwa Msafiri wa Mombasa

Watu wazima wa Mombasa hawahitaji kuelezwa maana ya kulala garini. Walipanda jioni katika stesheni ya zamani, karibu na Mwembe Tayari, wakatandikiwa vitanda, wakaitwa chakula kwa mlio wa kengele ya mhudumu aliyepita ujiani, na wakaamka Nairobi ikiwa karibu, huku wanyama wa nyanda za Athi wakionekana dirishani. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya watu wawili, la pili vyumba vya watu wanne, na la tatu lilikuwa la viti. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2017 reli mpya ya SGR ilipoanza kazi, na ijapokuwa Madaraka Express ina gari linaloondoka Miritini saa nne usiku, gari hilo ni la viti, nalo huwafikisha abiria Nairobi kabla ya alfajiri. Kijana wa leo wa Mombasa anayetaka kulala kitandani huku magurudumu yakizunguka chini yake hana budi kuvuka mpaka.

Ulinganisho huu unahusu safari tatu ambazo mtu wa Pwani anaweza kuzifikiria bila kwenda mbali sana na mambo anayoyajua. Ya kwanza ni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ya pili ni ya gari la kulala la Misri, kutoka Cairo hadi Luxor na Aswan. Ya tatu ni ya magari ya India, hasa lile la Rajdhani linalounganisha Mumbai na Delhi, kwa kuwa wengi wetu huenda India kutibiwa, kusoma au kutembelea jamaa. Nimezisafiri zote tatu, kwa sababu tofauti na nikiwa na watu tofauti. Rai yangu naitanguliza ili msomaji ajue ninakoelekea: aanze kwa kujua nani katika msafara wake atalala kitanda gani, kisha ndipo atazame nauli, kasi na mandhari. Wengi wetu huanza na nauli, na nauli haisemi lolote kuhusu magoti ya mzazi wala usingizi wa mtoto mchanga.

Kilichonifundisha hayo

Mwaka mmoja nilimsindikiza mama yangu India kutibiwa magoti. Tulishukia Mumbai, tukakaa kwa jamaa siku nne, kisha ikatubidi twende Delhi alikokuwa daktari tuliyeelekezwa. Wakala mmoja wa safari, ambaye tulimlipa tukiwa bado Mombasa, alitukatia tiketi za daraja la tatu lenye kiyoyozi na akatuhakikishia kwamba kila kitu kiko tayari. Alisema kweli kuhusu gari, siku na saa. Asilotuambia, na ambalo mimi sikujua kuliuliza, ni kwamba kitanda cha mama kilikuwa cha juu kabisa na changu kilikuwa cha kati. Mama alikitazama kingazi cha chuma kilichopachikwa ukutani, akanigeukia na kusema kwa upole, "Mwanangu, mimi huko juu sipandi. Nitakaa hapa hapa mpaka kuche."

Kijana mmoja aliyekuwa akirudi chuoni alimsikia, na ingawa hakujua hata neno moja la Kiswahili aliielewa ile hali. Alimwita mama "Mataji", yaani mama kwa heshima, akakusanya shuka zake, akahamia juu, na kumwachia kitanda chake cha chini. Tulilala sote, na hadi leo mama humwombea dua kijana yule kila inapotajwa India. Hata hivyo usingizi wa mama usiku ule ulitegemea moyo wa mtu tusiyemjua, na ningaliweza kuliepuka jambo hilo kwa swali moja tu kabla ya kulipa. Tangu hapo, kila ninapoulizwa na jirani au rafiki kuhusu gari la kulala, huanza kwa kuuliza ni akina nani wanaosafiri.

India: elimu ya vitanda

Reli kuu za India zina upana wa milimita 1,676, ilhali SGR yetu na reli za Misri zina milimita 1,435, na TAZARA ina 1,067. Upana huo huwezesha behewa la India kupanga vitanda kwa njia mbili kwa pamoja, yaani vile vinavyokingama behewa na vile vya pembeni, kimoja juu ya kingine, vinavyofuata ukuta ng'ambo ya ujia. Katika daraja la tatu lenye kiyoyozi, ambalo kwenye tiketi huandikwa 3A, kila sehemu ina vitanda sita vya kukingama, vitatu kila upande, pamoja na viwili vya pembeni, kwa hiyo watu wanane hulala mahali pamoja pasipo mlango. Katika daraja la pili lenye kiyoyozi, 2A, kitanda cha kati hakipo. Wanabaki wanne na wale wawili wa pembeni, na mapazia huwasitiri. Daraja la kwanza, 1A, lina vyumba vyenye milango ya kufunga, vingine vya watu wanne na vingine vya watu wawili. Chini ya yote hayo kuna daraja la kulala lisilo na kiyoyozi, SL, ambalo mpangilio wake unafanana na wa 3A, lakini upepo huingia kwa madirisha na abiria hujiletea matandiko, ilhali wale wa madaraja yenye kiyoyozi hupewa shuka, mto na blanketi.

Kitanda cha kati ndicho kinachowashangaza wageni, kwa kuwa mchana hukunjwa na kuwa egemeo la wale wanaokaa chini. Kanuni ya reli ya India ni kwamba muda wa kulala huanza saa nne usiku na kwisha saa kumi na mbili asubuhi, na nje ya muda huo mwenye kitanda cha chini hana budi kuwapisha wenzake wakae. Mgonjwa anayehitaji kujinyoosha saa nane mchana hatapata nafasi hiyo katika 3A hata akiwa na kitanda cha chini, kwa sababu wenzake wawili wa juu yake wana haki ya kukaa hapo. Katika 2A hushirikiana na mtu mmoja tu, na mara nyingi mtu huyo hupenda kubaki juu na simu yake. Hiyo ndiyo sababu ninayoiona ya kweli ya kumlipia mzee nauli ya 2A, kuliko hata lile pazia.

Kwenye tiketi hufupishwa hivi: LB ni kitanda cha chini, MB cha kati, UB cha juu, na SL na SU ni vya pembeni, chini na juu, jambo linaloweza kukuchanganya kwa kuwa herufi SL hutumika pia kwa lile daraja lisilo na kiyoyozi. Mfumo wa tiketi hujitahidi kuwapa wazee, na wanawake wa miaka 45 na zaidi, vitanda vya chini iwapo bado vipo, kwa hiyo anayekata mapema ana bahati nzuri na anayekata siku za mwisho hupewa vilivyosalia, kama yalivyotupata sisi. Ikiwa umekwisha kuingia garini na mzazi wako amepangiwa juu, mweleze mkaguzi wa tiketi anapopita, maana ana ruhusa ya kumhamishia mzee kitanda cha chini kilicho wazi.

Rajdhani ya Mumbai na Delhi ilianza mwaka 1972. Ina madaraja yenye kiyoyozi pekee, huondoka stesheni ya Mumbai Central jioni, na hukata kilomita 1,384 hadi New Delhi kwa muda wa saa kumi na tano au kumi na sita hivi. Ndege ingekuchukua saa mbili angani, na mtu mwenye haraka na afya njema aende nayo. Lakini kwa mama, ambaye hawezi kukunja magoti katika kiti chembamba wala kutembea kumbi ndefu za uwanja wa ndege, usiku mmoja kitandani ulikuwa mwepesi zaidi, na tuliokoa pia fedha za kulala hotelini.

TAZARA: siku mbili na mlango wa kufunga

Ukitoka India ukaja TAZARA, jambo la kwanza utakalolipenda ni mlango. Daraja la kwanza lina vyumba vya watu wanne, vitanda viwili kila upande, na daraja la pili la kulala lina vyumba vya watu sita, vitatu kila upande. Baada ya hapo kuna viti. Mlango wa chumba hufungwa kwa ndani, na dirisha ni lenu. Wanaume huwekwa vyumba vyao na wanawake vyao, isipokuwa mkinunua vitanda vyote vya chumba kizima, ambapo mnaweza kukaa pamoja kama familia. Mume na mke wasiotaka kutenganishwa wanapaswa kuliingiza hilo katika hesabu yao tangu mwanzo, kwa sababu watu wawili watalipia vitanda vinne. Mwanamke anayesafiri peke yake, kwa upande mwingine, hupata hapa utulivu ambao sehemu ya wazi ya 3A ya India haiwezi kumpa.

Mimi nilipanda na kaka yangu aliyekuwa akienda Lusaka kikazi. Tulishika basi kutoka Mombasa, tukavuka Lunga Lunga na Horohoro, tukapitia Tanga hadi Dar es Salaam, tukalala huko, kisha tukaenda stesheni ya TAZARA iliyo kwenye barabara ya Nyerere. Jengo lile ni kubwa na zito, na mtu akisimama ukumbini huhisi kwamba waliolijenga walikuwa na nia kubwa kuliko kusafirisha watu. Ndivyo ilivyokuwa. Reli hii ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, wakati wa marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda, ili shaba ya Zambia ipate njia ya kufika baharini bila kupita Rhodesia na Afrika Kusini zilizokuwa mikononi mwa serikali za Wazungu wachache. Nashindwa kuipanda reli hii nikaiona kama chombo cha usafiri tu, na nadhani msomaji wa Afrika Mashariki ataelewa.

Yenye mandhari ni hii kuliko zote tatu. Mchana wa kwanza gari hupita katika eneo ambalo tangu 2019 linaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na twiga na tembo huonekana dirishani bila ya mtu kulipa kiingilio, mradi gari liwe limeondoka kwa wakati na jua halijazama. Kisha hufuata bonde la Kilombero na mashamba ya mpunga ya Ifakara, na baada ya Mlimba gari huanza kupanda kuelekea Makambako kwa takriban kilomita 160 za mahandaki na madaraja, sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko nyingine yoyote. Kilele cha njia kiko Uyole, karibu na Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Mombasa aliyezoea joto la kaskazi asidanganyike na neno Tanzania: kati ya Juni na Agosti usiku wa Makambako ni baridi kali, na kikoi kimoja hakitoshi.

Upungufu wake ni muda. Safari hupangwa kuchukua kama siku mbili, na kuchelewa kwa saa nyingi ni jambo la kawaida katika njia hii, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na uhaba wa injini na mabehewa. Mwezi wa Septemba 2024, jijini Beijing, viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua, na kazi ya ukarabati wa namna hiyo yenyewe inaweza kugeuza ratiba. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwa ofisi ya stesheni kwamba gari lako lipo na siku yake ni ipi, na usiifunge safari hii na miadi ya hospitali, harusi au ndege. Ukifika New Kapiri Mposhi, Lusaka bado iko umbali wa kama kilomita 200 kwa basi. Kwa mama yangu nisingeichagua, ijapokuwa kitanda chake cha chini kingekuwa cha uhakika, kwani siku mbili ambazo pengine zitageuka tatu ni nyingi kwa mwenye maumivu.

Cairo hadi Aswan

Kuhusu gari la Misri nitasema machache, kwa kuwa limepangwa vizuri kiasi kwamba halina mengi ya kuamuliwa. Kila chumba kina vitanda viwili, kimoja juu na kimoja chini, na beseni la kunawia lenye bomba. Vyoo viko mwisho wa behewa. Mhudumu huja baada ya chakula cha jioni, hugeuza kiti kuwa kitanda na kuteremsha kile cha juu. Chakula cha jioni na kifungua kinywa vimo katika nauli, na wageni hulipa kwa fedha za kigeni. Umbali kutoka Cairo hadi Aswan ni kama kilomita 880, na safari huchukua muda wa saa kumi na tatu hivi, Luxor ikiwa njiani. Nilisafiri na mke wangu, na kwa watu wawili sijaona chumba kinachofaa kuliko kile: hatukuhitaji kununua vitanda vya ziada, wala kumwomba mtu nafasi. Kulipopambazuka dirisha lilijaa minazi isiyo minazi, maana ilikuwa mitende, pamoja na miwa, punda na maji ya Nile, na mke wangu akasema kwamba asubuhi ile ilimtosha hata tusingeona hekalu moja.

Msafiri wa pekee hana unafuu huo, kwa kuwa hutakiwa kulipa zaidi ili awe na chumba peke yake, au akubali kulala na mgeni wa jinsia yake. Familia ya watu watano italazimika kugawanyika vyumba vitatu, ingawa viko vyumba jirani vyenye mlango wa kati unaoweza kufunguliwa. Ombeni hivyo mnapokata tiketi. Ulizeni pia stesheni ya kupandia, kwa kuwa Cairo ina zaidi ya moja, na tangu Oktoba 2024 iko stesheni mpya ya Bashtil inayohudumia magari ya kusini.

Chakula, maji na ibada

Katika chakula, Misri ndiyo rahisi kwa Mwislamu, kwa sababu haulizi kitu. Kwenye magari ya India ninashauri kuagiza chakula cha mboga tangu wakati wa kukata tiketi. Ni wali, dengu, mboga, chapati, mtindi na achari, vyakula ambavyo mtu wa Mombasa amekua navyo, na hivyo humwondolea shaka ya kuchinja. Rajdhani huleta chakula mpaka kitandani. TAZARA ina behewa la mgahawa lenye wali au ugali kwa kuku, nyama au samaki, na kila stesheni kubwa akina mama na vijana huja chini ya madirisha na ndizi, mayai, karanga na matunda. Hata hivyo, katika safari ya siku mbili kwa gari linaloweza kuchelewa, maji ya kunywa ya kutosha na chakula kisichoharibika viwe ndani ya mkoba wako.

Choo ni swali ambalo watu huona haya kuliuliza, na kwa mwenye magoti mabovu ndilo la pili baada ya kitanda. Mabehewa ya India huwa na vyoo vya kuchuchumaa na vya kukalia, mwishoni mwa behewa, vyenye bomba na kopo. Jua mapema kipi kiko upande gani, kabla taa hazijazimwa. Mwenye kitanda karibu na choo hupata unafuu wa kutembea na hasara ya kelele za mlango usiku kucha, na mimi kwa mzee huchagua katikati ya behewa.

Kuhusu sala, msafiri anaweza kufupisha na kukusanya, lakini alfajiri haina ya kukusanywa nayo, nayo hufika watu wamelala na ujia ni mwembamba. Chumba chenye mlango, cha TAZARA au cha Misri, hurahisisha jambo hili. Katika sehemu ya wazi ya India mama alisali ameketi kitandani kwake. Kibla nacho hubadilika, na mazoea yetu yanaweza kutupoteza: sisi Mombasa huelekea kaskazini, na Dar es Salaam ni vivyo hivyo, lakini kutoka Cairo Makka iko kusini mashariki, na kutoka Mumbai au Delhi iko magharibi. Gari linalopinda milimani kule Mlimba huweza kukugeuza katikati ya rakaa, na hapo mtu hufanya awezalo.

Tiketi, tarehe na saa

Tiketi za magari ya India hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, muda uliopunguzwa kutoka siku 120 mwezi wa Novemba 2024, lakini liko fungu la watalii wa kigeni ambalo mgeni anaweza kulitumia hadi siku 365 kabla. Tiketi yenye herufi WL ni ya kungojea, na ikiwa ilikatwa mtandaoni na haikuthibitishwa, hufutwa yenyewe na huna ruhusa ya kupanda nayo. RAC humaanisha kwamba unaweza kupanda lakini huenda mkakaa wawili katika kitanda kimoja cha pembeni. Usikubali kuikata kwa ajili ya mgonjwa. Tiketi za dharura ziitwazo Tatkal hutoka siku moja kabla, na tangu Julai 2025 kuzikata mtandaoni kunahitaji kitambulisho cha Aadhaar ambacho mgeni hana, kwa hiyo msafiri wa kutoka Mombasa asizitegemee. Kwa TAZARA, mwombe jamaa aliyeko Dar es Salaam aende stesheni siku kadhaa kabla, hasa mkitaka chumba kizima.

Hapa kuna mtego wa lugha yetu wenyewe. Mzee wa Pwani akisema usiku wa Ijumaa anakusudia usiku unaofuata Alhamisi, kwa kuwa siku kwetu huanza jua linapozama. Tiketi huhesabu siku kuanzia saa sita usiku. Gari lililoandikwa Ijumaa 00:20 linalingana na hesabu ya mzee, na Alhamisi baada ya Isha yafaa muwe mmekwisha kwenda stesheni. Lakini gari lililoandikwa Ijumaa 22:00 litamkuta mzee huyo amekwenda siku moja mapema. Kwa nyumba yenye watu wa rika mbalimbali, mimi huandika kwenye karatasi tarehe, siku na saa kwa njia zote mbili. Kumbukeni pia kwamba ukivuka mpaka kutoka Tunduma, Tanzania, kuingia Nakonde, Zambia, saa hurudi nyuma kwa saa moja.

Hati hazina mjadala mrefu. Mkenya haombi viza ya Tanzania wala ya Zambia, na maofisa wa mpakani hukagua pasi za abiria wa TAZARA. Misri na India zinahitaji viza, na India hudai kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya. Kadi hiyo ichukuliwe hata kwa Zambia.

Nani achague lipi

Mwenye kusindikiza mgonjwa au mzee ndani ya India achukue 2A na kitanda cha chini kilichothibitishwa, na vikikosekana, aahirishe siku moja kuliko kukubali cha juu. Kijana mwenye nguvu na fedha kidogo atafurahia 3A, kitanda cha juu, ambako hakuna atakayemwamsha ili akae. Wanandoa wanaotafuta usiku mmoja tu wa kulala garini katika maisha yao waende Aswan. Mwanafunzi wa historia, mpenda milima na mtu aliye likizoni pasipo tarehe ya kurudi apande TAZARA, nami nitamwonea wivu.

Dada yangu ananiuliza sasa kuhusu Desemba, akitaka kwenda kwa shemeji yetu Zambia na watoto watatu, mdogo wao akiwa na miaka mitatu. Nimemwambia anunue vitanda vyote vinne vya chumba kimoja cha daraja la kwanza, yeye alale chini upande mmoja na mdogo alale chini upande wa pili, begi likiwekwa sakafuni kati yao asije akaanguka, na wakubwa wawili wapande juu kama wanavyotamani. Ameuliza pia achukue nini cha kula. Mahamri yatamalizwa kabla ya Ifakara, kwa jinsi ninavyowajua wale watoto. Visheti na kashata ndivyo vitakavyofika Kapiri Mposhi.